Baruti Si Mtumba



Naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo lililonikaa rohoni tangu ile nyama choma yetu ya mwezi uliopita. Najua baadhi ya wenzangu watanuna. Wanune, lakini wasome mpaka mwisho.

Siku ile, baada ya kula, vijana wetu wanaopenda kuwinda walijitenga kando ya magari na daftari likaanza kuzunguka. Mmoja wao amepata bahati: madumu manne ya baruti ya bunduki, masalio ya jeshi la Marekani, kila dumu ratili 8, kwa nusu ya bei ya baruti mpya dukani. Muuzaji alikutana naye kwenye maonyesho ya bunduki, ni mtu anayeuza vitu vya marehemu baba yake. Kwenye madumu kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono "WC846", na chini yake mwaka 1968. Hakuna kingine. Daftari likapita mkono kwa mkono kama tunavyofanya tukichangia msiba au kontena la kwenda Dar. Liliponifikia nikakataa kuandika jina langu. Nikaambiwa, "Mhandisi naye kaogopa!" Watu wakacheka, nami nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Leo sinyamazi.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, ganda linabaki. Hapa Marekani watu wengi huyaokota maganda yao, huyasafisha, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hushindilia kichwa kipya. Ni kazi halali inayotaka utulivu, na mimi mwenyewe nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba nachukia uwindaji au bunduki. Ninachopinga ni kununua baruti kuukuu ambayo hakuna anayeweza kueleza imetoka wapi, imekaa wapi, wala kama kilichomo ndani ya dumu ndicho kilichoandikwa nje.

Sisi ni watu wa mitumba. Hatuna haja ya kuona haya. Wengi wetu tulisoma tukiwa tumevaa mashati ya mnadani, na baba zetu waliendesha magari yaliyochoka Japani kabla hayajafika bandarini. Tumejifunza kununua kitu kilichotumika kwa akili: unageuza shati ndani nje, unatazama mshono na kola, unanusa, unavuta kitambaa. Gari unafungua boneti na kusikiliza injini. Hiyo ndiyo elimu ya mitumba, na ni elimu nzuri. Lakini baruti haina mshono wa kutazama. Iliyo nzima na iliyoanza kuoza zinaweza kufanana machoni, punje kwa punje. Dalili zinapoonekana, ubaya umekwisha kwenda mbali.

Nasema "kuoza" na sikosei neno. Baruti hii isiyo na moshi msingi wake ni nitroselulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea, pamba kwa mfano, zilizochanganywa na asidi ya nitriki. Ni kitu ambacho tangu siku kinapotoka kiwandani kinajivunja chenyewe, polepole, na kutoa gesi za naitrojeni zenye asidi. Asidi hiyo ikibaki ndani huharakisha uvunjikaji, uvunjikaji huleta asidi zaidi na joto zaidi, na mambo huongezana. Ndiyo maana viwanda hutia dawa ya kuituliza, mara nyingi difenilamini, kiasi cha karibu sehemu moja katika mia. Dawa hiyo huzinasa zile gesi. Lakini kila inaponasa, yenyewe hupungua. Ikiisha, hakuna tena cha kuzuia.

Kinachoimaliza si miaka peke yake, ni joto. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, mabadiliko ya namna hii huenda kasi mara mbili au zaidi. Baruti iliyokaa miaka 40 katika ghala la chini ya ardhi penye ubaridi inaweza kuwa nzima. Iliyokaa miaka 10 katika gereji ya Texas, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 40, inaweza kuwa imekwisha. Sasa niambieni, ndugu zangu: ule mwaka 1968 ulioandikwa kwa kalamu unawaelezaje habari ya joto? Marehemu aliihifadhi wapi? Sebuleni au kwenye banda la bati? Mtoto wake hajui, na hata angejua, ana haraka ya kuuza.

Jambo hili si hadithi za kutishia watoto. Wafaransa ndio waliotangulia kuitengeneza baruti ya aina hii, mwaka 1884, kwa kazi ya mkemia Paul Vieille. Na wao ndio waliotangulia kulipa. Tarehe 12 Machi 1907, manowari yao Iéna ililipuka ikiwa bandarini Toulon, wakafa watu zaidi ya 100. Tarehe 25 Septemba 1911, hapo hapo Toulon, ikalipuka manowari Liberté, wakafa zaidi ya 200. Hapakuwa na adui aliyeshambulia. Lawama iliiangukia baruti iliyoharibika ndani ya maghala ya meli zenyewe. Baada ya hapo ndipo suala la dawa ya kutuliza na la kupima umri wa baruti likachukuliwa kwa uzito wake.

Na kama Toulon ni mbali, jirani zetu wa Louisiana ni karibu. Mwezi wa Oktoba 2012 ghala moja la baruti za jeshi lililipuka pale Camp Minden. Kampuni iliyokuwa na kandarasi ya kuziharibu silaha kuukuu ilikuwa imerundika mamilioni ya ratili za baruti ya mizinga, nyingine ikiwa nje tu kwenye masanduku. Wakazi wa mji mdogo wa Doyline wakaambiwa wahame wakati baruti ikihamishwa. Serikali ilijikuta na takriban ratili milioni 15 za kuharibu, na mashaka makubwa yalikuwa ni kwamba dawa ya kutuliza inakwisha na baruti inaweza kujiwasha. Kazi ya kuichoma ilikamilika mwaka 2017. Hiyo ndiyo baruti ya "masalio ya jeshi" ikikosa mtu wa kuitunza.

Sasa niseme la kwangu, maana siwezi kuwakemea wengine huku nimejificha. Mwaka 2008 nilinunua dumu la namna hii hii, kwa muuzaji wa namna hii hii, kwenye maonyesho ya bunduki. Nilikuwa na shahada ya uhandisi ukutani na bado nilivutwa na bei. Nilijaza risasi kama 60, nikapiga chache, zikaenda vizuri, nikajisifu. Dumu nikaliweka gereji, kwenye rafu, karibu na mashine ya kukata majani na galoni yake ya petroli. Miaka ikapita. Kazi ikanibana, nikaacha kuwinda kwa muda.

Kiangazi kimoja mama watoto akaanza kulalamika kwamba gereji inanuka. Nikamwambia ni betri ya gari. Akarudia. Nilipokwenda kutazama, kifuniko cha dumu kilikuwa kimevimba kidogo. Nikakifungua nje ya nyumba. Harufu ilinipiga puani kama siki kali, nikakohoa. Juu ya baruti palikuwa na vumbi jekundu kama kutu. Zile risasi nilizojaza nazo zilikuwa zimefanya ukungu wa kijani shingoni, na nyingine shingo zake zilikuwa zimepasuka bila kupigwa. Asidi ilikuwa imekula shaba kutoka ndani. Nikapiga simu zima moto, wakaja watu wenye ujuzi wakaichukua. Hawakunikaripia. Mmoja aliuliza tu, "Nani analala chumba kile cha juu ya gereji?" Alikuwa binti yangu.

Tangu siku ile sijasahau swali hilo, na ndilo lililonifanya nilikatae daftari.

Najua majibu yenu, maana niliyasikia siku ile ile. Niyachukue moja moja.

La kwanza mlisema: "Jeshi la Marekani halinunui kitu kibovu." Kweli, halinunui kibovu. Lakini jeshi halinunui likasahau. Kila fungu la baruti lina namba yake, na sampuli hupimwa mara kwa mara kuona dawa ya kutuliza imebaki kiasi gani. Uzuri wa baruti ya jeshi uko katika upimaji huo. Siku baruti inapotoka ghalani kwenda kwa raia, upimaji unakoma. Mnachonunua nyinyi ni jina la jeshi bila kazi ya jeshi.

La pili: "Wamarekani wenyewe wamefanya hivi tangu vita." Kweli tena, na historia yake ni nzuri. Bruce Hodgdon wa Kansas alianza biashara baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kununua baruti ya ziada ya serikali, ile iitwayo 4895, na ghala lake la kwanza lilikuwa behewa kuukuu la treni lililowekwa kwenye malisho ya ng'ombe. Kizazi kizima cha wawindaji kiliwinda kwa baruti hiyo. Lakini tazameni tofauti. Baruti ile ilikuwa na umri wa miaka michache tu, ilitoka serikalini moja kwa moja, na aliyeiuza aliweka jina lake mwenyewe juu ya dumu. Yenu ina zaidi ya nusu karne, imetoka kwenye banda la marehemu, na juu yake hakuna jina la mtu wa kumuuliza. Mtu hawezi kula leo samaki wa juzi kwa hoja kwamba juzi alikuwa mbichi.

La tatu: "WC846 inajulikana, vipimo vyake viko kitabuni." Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Baruti ya jeshi haitengenezwi ifanane punje kwa punje mwaka hata mwaka. Kiwanda cha risasi hupokea fungu, hulipima kwa mitambo ya shinikizo, kisha huamua fungu hilo litiwe kiasi gani katika kila ganda. Fungu lijalo likiwa na nguvu zaidi, kiasi kinapunguzwa. Baruti za dukani ndizo zinazochanganywa mpaka zilingane, ili kitabu cha vipimo kiwe na maana. WC846 yenyewe ni mfano mzuri. Wakati wa vita vya Vietnam iliziba mirija ya gesi ya bunduki za M16 kwa sababu ya kalisi kaboneti iliyomo, kiasi hicho kikaja kupunguzwa, na baruti iliyorekebishwa ikapewa jina jingine, WC844. Kwa hiyo hata pale jina lilipoandikwa kiwandani na wataalamu, halikutosha kueleza kila fungu. Sembuse jina lililoandikwa kwa kalamu na mtu aliyekwisha kufa? Nani anajua kama dumu hilo halikuwahi kuwa na baruti ya bastola, iliyo na kasi zaidi, ikamiminwa juu yake masalio mengine?

Bunduki ya .30-06 ambayo wengi wenu mnayo imewekewa mpaka wa shinikizo la ratili 60,000 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la gari lenu lina kama 33. Kati ya shinikizo hilo na jicho lako kuna chuma cha unene wa kidole. Baruti kuukuu mara nyingi hupoteza nguvu, lakini si kila mara. Ikikauka kupita kiasi huungua haraka kuliko ilivyokusudiwa, na shinikizo hupanda. Kipimo kilichokuwa salama katika dumu jipya hakina dhamana yoyote katika dumu hilo.

La nne, na hili ndilo la msingi: "Baruti imepanda bei." Imepanda, sikatai. Tumeona uhaba wa mwaka 2013, tukaona mkubwa zaidi kuanzia 2020. Basi tufanye hesabu, maana daftari lile halikuwa na hesabu. Ratili moja ina greni 7,000. Bunduki ya wastani hutumia kama greni 45 kwa risasi moja. Ratili moja basi inatoa risasi 155. Tuseme baruti mpya ni dola 40 kwa ratili, ingawa maduka mengine huuza zaidi. Hiyo ni senti 26 kwa risasi. Nyinyi mnapata kwa nusu, kwa hiyo mnaokoa senti 13 kwa risasi. Muwindaji wa kulungu, akijumlisha na mazoezi yake, akapiga risasi 60 kwa mwaka, anaokoa dola 7 na senti 80. Kwa mwaka mzima! Chakula cha mchana kimoja hapa Houston kinazidi. Kwa fedha hiyo unaweka rehani mkono wako wa kulia, jicho lako, na bunduki ya mamia ya dola.

Hesabu haijaisha. Madumu manne ni ratili 32, sawa na risasi karibu 5,000. Mliojiandikisha mko wanane, kila mmoja atapata risasi zaidi ya 600. Kwa mwendo wa risasi 60 kwa mwaka, ni miaka 10. Yaani mnachukua kitu chenye zaidi ya nusu karne na kupanga kukitunza miaka 10 mingine. Na wapi? Nilisikia mkikubaliana kwamba mzigo wote utakaa kwa mwenzetu anayeishi ghorofa ya pili, kwa sababu yeye hana gari gerejini na ana kabati kubwa. Chini yake kuna familia ya Kisomali yenye watoto watano. Juu yake kuna ajuza.

Kanuni za kinga ya moto zinazofuatwa sehemu nyingi za nchi hii zinaruhusu ratili 20 tu za baruti ya aina hii nyumbani, na sharti iwe katika vyombo vyake vya asili. Kuzidi hapo mpaka 50 inatakiwa kabati la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja au zaidi. Nyumba za kupanga zinaweza kuwa na masharti makali zaidi. Ratili 32 katika madumu ya kuandikwa kwa mkono, ndani ya kabati la nguo, zimevunja kanuni hizo kabla hata hamjafungua kifuniko. Na nyumba ikishika moto, bima itauliza, polisi watauliza, na sisi wageni huwa tunaulizwa mara mbili.

Tumezoea kununua kwa pamoja. Tunaagiza mchele, tunagawana mbuzi, tunajaza mapipa ya kupeleka nyumbani. Ni sifa yetu na naipenda. Lakini mchele ukiharibika tunautupa, hasara inaishia hapo. Baruti ikiharibika ndani ya nyumba ya mmoja wetu, gharama ataibeba jirani ambaye jina lake halimo kwenye daftari.

Wenzangu wa Dar wanakumbuka usiku wa Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, na kabla yake Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na sisi huku tukishinda kwenye simu tukitafuta ndugu. Sisemi kwamba nayajua yaliyotokea ndani ya maghala yale, wala silinganishi mabomu ya jeshi na dumu la baruti ya kuwindia. Nawakumbusha swali tulilouliza sote kwa hasira: vitu hivi ni vya mwaka gani, vimehifadhiwaje, na kwa nini viko karibu na makazi ya watu? Lilikuwa swali la haki. Tuliliuliza serikali. Haiwezekani tuwe na ujasiri wa kuiuliza serikali halafu tushindwe kujiuliza wenyewe kwa sababu ya senti 13.

Nini kifanyike? Kwanza, daftari lifungwe na waliotoa fedha warudishiwe. Pili, mwenye kutaka kujaza risasi anunue ratili moja dukani, iliyofungwa kiwandani, yenye namba ya fungu, na afuate kitabu cha aliyeitengeneza. Asiyepiga risasi nyingi anunue tu risasi zilizo tayari, itamgharimu kidogo na atalala usingizi. Tatu, anayeng'ang'ania masalio ya jeshi basi anunue kwa muuzaji mwenye leseni na jina, anayeweza kuonyesha kiwanda, namba ya fungu na mwaka, na vipimo vya fungu hilo hilo. Achukue kidogo, aanze na kipimo cha chini kabisa, asichanganye wala kuhamisha chombo. Nne, kila aliye na baruti nyumbani aandike juu ya chombo tarehe aliyoinunua, aiweke penye ubaridi na ukavu, na kila mwaka aifungue anuse. Harufu ya kawaida ni kama ya spiriti. Harufu ya kuchoma pua, vumbi jekundu au moshi mwekundu ni kengele: usiitie kwenye bunduki, usiifungie ndani ya nyumba, piga simu zima moto. Nao watakuja, mimi ni shahidi. Na asitokee wa kuificha ndani ya pipa la kwenda nyumbani kwa kuwa huku imemshinda.

Kwa kijana wangu aliyeipata hiyo bahati: sijakutaja jina na sitalitaja. Ulitaka kuwasaidia wenzako na nakuheshimu kwa hilo. Njoo kwangu Jumamosi yoyote, mashine yangu ya kujazia ipo, mizani ipo, na baruti mpya ninayo. Utajaza risasi zako za msimu huu bure, na ile dola 7 na senti 80 nitakupa mfukoni mwangu.

Naomba kuwasilisha.

Mhandisi, Houston, Texas